Fundi Viti na Gari la Mikate

Mama mdogo ameshona viti vya magari tangu kabla sijazaliwa, na katika miaka yote hiyo hajawahi kupanda gari asitapike. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza katikati ya hadithi. Malori, mabasi, teksi, gari la wagonjwa, hata kile kiti cha kulalia cha daktari wa meno, vyote vimepita chini ya sindano yake, na dereva akishaonja kazi yake haendi tena kwa fundi mwingine. Lakini mwambie apande gari mwende sokoni, ataviangalia viatu vyake, kisha atasema leo anajisikia kutembea. Kwenye harusi yangu alifika kwa miguu, jasho linamtiririka, zawadi kichwani, wakati wageni wa mbali walishaanza kuaga.

Mimi nimekulia kwenye karakana yake. Mama yangu alikuwa akifanya kazi za zamu, kwa hiyo nikitoka shule nilipitia kwa mdogo wake, nikakata sponji, nikapaka gundi, nikafokewa. Leo karakana naiendesha mimi, na bado nafokewa. Ni chumba kimoja chenye mlango mpana unaofunguka barabarani, cherehani mbili nzito, meza iliyojaa alama za chaki, na marobota ya ngozi bandia yaliyosimamishwa kwenye pembe. Katikati ya chumba kuna sanduku pana la mbao lililojaa mchanga mbichi, na hilo ndilo lililomjengea mama mdogo jina.

Yeye humpima mtu kwa mchanga. Mteja akija, haulizwi anataka rangi gani. Anaambiwa akae kwenye sanduku kama anavyokaa kazini, anyooshe mguu kama anakanyaga klachi, apige soga kidogo mpaka asahau kwamba anapimwa. Kisha mama mdogo humwinua, akachuchumaa, akausoma mchanga: paja lipi limebeba uzito, mgongo unakimbilia upande gani, wapi sponji iwe ngumu na wapi ilegezwe. Wapo madereva wenye vifua na sauti zao waliogoma kukaa mchangani kama watoto. Walisimama hapo mlangoni wakijifanya wana haraka, na mwisho wote walikaa.

Mumewe alimpata humo humo mchangani. Siku hizo alikuwa kijana mrefu mwenye mgongo mbovu, dereva wa lori la mizigo lililokuwa likivuka milima kwenda upande wa pili na kurudi, na wenzake walikwisha mbatiza Mzee wa Kona ingawa ndevu zenyewe alikuwa hana. Alikaa, akainuliwa, na mama mdogo akaona upande wa kulia umezama na wa kushoto haukugusa sawasawa.

"Wewe unakaa kama mtu anayetaka kuondoka," akamwambia.

Akajibu kwamba kweli, ana mzigo unamngoja. Akaondoka na kiti chake. Baada ya siku chache akarudi nacho kifuani, anadai kina kasoro. Kiti hakikuwa na kasoro hata ya kutafutia. Mama mdogo alikijua kiti chake, na kufikia hapo alishaanza kumjua na mwenyewe. Akakitoboa kidogo pembeni ili apate cha kushona.

Ndoa yao ilikuwa ya kuja na kuondoka. Baba mdogo alifika, akaoga, akala, akalala usingizi wa kukoroma, akawanunulia watoto viatu vya saizi waliyokwisha ivuka, akaondoka. Mama mdogo alikuwa na hamu moja tu, hamu ya mtu asiyeweza kusafiri: asimuliwe. Alimuuliza, huko milimani kuna nini? Akajibiwa kwamba kuna kona. Kona gani? Basi hapo mzee alifunguka, akamtajia zote: ya Jiwe Jeupe, ya Bomba, ya Shingo, ya Mama Mnene, ipi inapandwa kwa gia ya pili na ipi inamdanganya mgeni. Na ng'ambo ya kona je, chini kule, kuna nini? Akasema hajui mke wake anataka aambiwe nini. Mama mdogo alinihadithia haya pini zikiwa mdomoni, na kila mara alimalizia kwamba Mungu alimpa mume mzuri ila mchoyo wa maneno.

Walikuwa na ahadi yao lakini. Akistaafu, watakaa pamoja. Si pamoja kwa maana ya paa moja, hilo walikuwa nalo. Pamoja kwa maana ya kuamka na kumkuta mwenzio, leo na kesho na keshokutwa, hadi mchokane kama watu wengine.

Siku ya kustaafu ikafika, watoto walishahamia kwao, nyumba imebaki tupu. Na baba mdogo akashindwa kukaa. Sijaona mtu anayehangaika na kochi kama yule. Alikaa ukingoni, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Alifagia ua uliokwisha fagiliwa. Alikuja karakana kutusaidia, akahamisha mikasi yetu mahali tusipopajua, tukamfukuza kwa heshima. Nilimwona mama mdogo akimtazama mumewe kwa lile jicho la kusoma mchanga.

Ndipo mzee akaleta gari la mikate. Lilikuwa gari la kusambazia mikate, kubwa, refu kwenda juu, limetumika mpaka kiwanda kikalichoka. Alilipaka rangi mpya, akatoboa madirisha, akatia pazia, akajenga ndani kitanda cha kukunja, jiko la gesi, karo, makabati yenye komeo ili sahani zisiruke kwenye kona, na pipa la maji juu ya paa. Likipigwa na jua lilinukia mkate, na hadi leo linanukia. Majirani walikuja kulitazama na kuuliza kama anahama nyumba. Akawaambia nyumba ndiyo inayohama, wao wabaki.

Shabaha yake ilikuwa moja, na aliisema mezani kwetu akiwa na aibu kama kijana anayeposa: anataka kumpeleka mke wake milimani. Miaka yote ameipita milima peke yake. Watakwenda taratibu, watalala watakapopenda, watapika njiani. Mama mdogo akasema atakwenda. Nikamkumbusha kuhusu tumbo lake. Akanikumbusha kwamba mimi ni mtoto.

Akaanza na viti. Cha dereva alikipima upya mchangani, akakiumba kwa mgongo wa mumewe, kila tuta na kila bonde, kiasi kwamba mtu mwingine akikikalia alihisi kama amevaa koti la mwenzake. Cha abiria kilikuwa chake mwenyewe, kwa hiyo nilimpima mimi. Alama yake mchangani ilikuwa sawa pande zote, imetulia, ya mtu ambaye haendi popote. Sikumwambia, lakini aliiona.

Waliondoka asubuhi majirani wakipunga mikono. Alasiri niliwaona wanarudi: mama mdogo mbele kwa miguu, amepauka, kiatu kimoja mkononi, na gari la mikate nyuma yake linatambaa na taa za tahadhari zinawaka. Kwenye barabara ya tambarare alikuwa amejitahidi, macho amefumba, ndimu puani. Milima ilipoanza, hakufika mbali. Kona ya Jiwe Jeupe ndiyo iliyommaliza.

Sasa sikilizeni walivyofikiri hawa watu wawili, maana hapo ndipo walipopotea. Mama mdogo hata maji hakunywa. Alichukua kisu akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha abiria akakipasua. Springi, alisema, springi zinamrusha, kiti kibaya. Baba mdogo akasema wala, kiti kizuri, kosa ni lake, amezichukua kona kama mtu mwenye mzigo unaomngoja. Mama mdogo akasema yeye ni fundi, anajua kiti kibaya akikiona. Baba mdogo akasema yeye ni dereva, anajua kona mbaya akiipiga. Walitoleana macho pale barabarani. Ndio ugomvi pekee niliowahi kuushuhudia ambapo kila mmoja alipigania kuwa mwenye makosa.

Ikawa hivyo msimu mzima. Mama mdogo alishona kiti kipya bila springi. Kisha chenye sponji ya tabaka tabaka, laini juu na ngumu chini. Kisha akakining'iniza kwenye mikanda ya mpira iliyokatwa kutoka kwenye tairi, kikawa kinaelea chenyewe. Wateja walikuja wakakijaribu wakataka cha namna hiyo, na mmoja alisinzia humo tukamwamsha tukitaka kufunga. Baba mdogo naye alijifunza upya kuendesha. Aliweka kikombe kilichojaa maji mbele ya kioo na kuapa kwamba tone halitamwagika, akaenda taratibu hivi kwamba siku moja walipitwa na mbuzi, na mchungaji wao akawauliza kama wana shida. Tone halikumwagika. Mama mdogo alimwaga mengine, kwenye beseni la bluu alilolipakata. Alimeza vidonge vya duka la dawa, akatafuna tangawizi, akavaa gazeti tumboni chini ya blauzi kwa ushauri wa jirani. Na kila safari waliishia Jiwe Jeupe, wakageuza.

Katikati ya hayo, tajiri wa zamani wa baba mdogo akapiga simu. Alikuwa amepungukiwa na dereva anayeijua milima, na akaomba Mzee wa Kona arudi kwenye lori, angalau kwa miaka michache, akiweza. Baba mdogo akaomba muda wa kufikiri. Alipomweleza mkewe, alieleza kwa upole, akasema labda ni heri. Akikaa nyumbani anahangaika na kumchosha, akimchukua safari anamuua. Atakuwa anakuja, kama zamani.

Nilikuwa mlangoni na sponji mkononi. Mama mdogo hakuinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Sikukusubiri miaka yote ile," akasema, "ili nianze kukusubiri tena."

Akamaliza mshono, akakata uzi, na akasema waende mara moja zaidi. Ikishindikana, arudi kwenye lori na hatamlaumu. Nilimjua vizuri, alisema hatamlaumu na alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilijisikia kulia.

Safari hiyo alitumia akili mpya. Walipofika Jiwe Jeupe na tumbo likaanza, hakusema wageuze. Aliteremka, akafunga kamba za viatu, akapanda mlima kwa miguu. Gari la mikate likamfuata nyuma kwa mwendo wake, hivyo hivyo, kona kwa kona. Magari mengine yaliwapita yakipiga honi. Dereva mmoja alishusha kioo akamuuliza mama mdogo kama huyo mwanaume wa nyuma anamsumbua. Akajibu kwamba ni mume wake, kwa hiyo ndiyo.

Huo mlima si wa kumalizwa kwa miguu na mwanamke mwenye umri wake. Juu ya kona ya Bomba miguu ikamtoka malengelenge, akakaa kwenye jiwe. Pembeni palikuwa na kiwanja kipana ambapo malori hupumzika, kimezungukwa na misonobari. Baba mdogo akasema basi, walale hapo, asubuhi watashuka. Hawakuambiana kwamba wanashuka kwa mara ya mwisho. Kila mmoja aliliacha hilo kwa mwenzake.

Ila nyumba ya magurudumu ina masharti yake. Ardhi ikiinama kidogo tu, sufuria inateleza jikoni, maji yanakataa kutoka kwenye karo, na ukilala damu inakujaa kichwani. Kwa hiyo kabla ya kupika lazima gari lisawazishwe: mawe bapa yanawekwa mbele ya tairi la upande ulioinama, gari linapandishwa juu yake pole pole, unapima, unaongeza jiwe, unapandisha tena. Siku zote mzee alishika usukani na mama mdogo alikuwa nje, akiweka mawe na kumwashiria kwa mikono. Siku hiyo hakuweza kusimama. Basi baba mdogo akampandisha kwenye kiti cha dereva, miguu haifiki chini, akamsogezea mto wa kitandani mgongoni, akamwonyesha: hii klachi, hii breki, ukiachia hivi linakwenda, ukikanyaga hivi linasimama. Yeye akashuka kubeba mawe.

Mama mdogo alikuwa hajawahi kugusa usukani maishani mwake. Aliachia klachi kama mtu aliyeunguzwa. Gari likaruka, likapanda jiwe, likashuka upande wa pili, likazimika. Akaliwasha. Likaruka tena. Sahani ziligongana ndani ya makabati, pipa likamwaga maji paani, mzee akawa anakimbia huku na huku na jiwe kifuani akisema pole pole mama, pole pole. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kikombe kwenye karo ndicho kilichokuwa kipimo chao, na kilikuwa kimekwisha anguka zamani.

Mwishowe tairi likakaa juu ya jiwe. Baba mdogo akachukua beseni la bluu akakimbilia mlangoni, akijua atakachokikuta. Alimkuta mkewe ameshika usukani kwa mikono miwili, mashavu yamemwiva, anacheka.

"Nishushe nipandishe tena?" akauliza. "Naona kama bado limeinama."

Halikuwa limeinama. Mzee alisimama pale na beseni tupu. Yeye alielewa kabla ya mkewe; mama mdogo alikuwa bado anafurahia kelele za injini. Hakuna kiti kilichokuwa kibaya na hakuna kona iliyopigwa vibaya. Fundi alikuwa amehangaika na kiti na dereva amehangaika na mwendo, kila mtu na kazi yake aliyoizoea, na hakuna aliyefikiria kwamba watu wabadilishane mahali.

Mama mdogo alikuja kulitambua wakati wa kula, kijiko kikiwa njiani. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama sahani. Basi naye akainama akala.

Asubuhi baba mdogo aliendesha kurudi nyumbani. Mama mdogo alipakata beseni, akalitumia.

Zikapita siku. Nilipohadithiwa yaliyotokea kule juu, damu ilinichemka. Nikamuuliza mama mdogo kwa nini hamwambii mumewe ampe usukani, mambo yaishe. Akaniambia niache kupiga kelele. Nikamuuliza anangoja nini. Ndipo akaniketisha kwenye marobota kama enzi zile nikiwa na sare ya shule, akanieleza kwamba yule mtu tangu ujana wake hajawahi kuendeshwa. Gari likiharibika, alilala nalo. Likienda gereji, aliliingiza mwenyewe. Hata kwenye maziko ya mama yake aliendesha yeye gari la mbele.

"Nikimwomba atanipa," akasema. "Ndiyo maana siwezi kumwomba."

Jibu hilo lilinikera mwezi mzima. Siku hizi naliona lina akili.

Asubuhi moja nilifika karakana mapema nikakuta mlango wazi na cherehani inalia kwa mateso. Baba mdogo alikuwa ameinama juu yake, magoti yamegonga meza, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Sindano ya kwanza alikwisha ivunja. Alikuwa anashona mto: kipande cha sponji ngumu, nene nyuma na nyembamba mbele, alichokikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Mshono ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanitazama, nikaurudisha.

Alipomaliza aliubeba hadi kwenye gari la mikate, akauweka juu ya kiti cha dereva, juu ya matuta na mabonde ya mgongo wake mwenyewe, akaufunga kwa kamba. Akamwita mkewe. Mama mdogo akatoka na tepu shingoni.

"Kaa," akamwambia.

Akakaa. Miguu ikafika kwenye pedeli zote. Akazigusa moja moja, akashika usukani, na sijui kwa nini sote watatu tulikuwa tunanong'ona.

"Na wewe?" mama mdogo akauliza.

"Wewe utajifunza kuendesha," akasema. "Mimi nitajifunza kukaa."

Tajiri wa lori alikuwa ameshapigiwa simu na kuambiwa atafute mwingine. Hilo tulilijua baadaye, kutoka kwa tajiri mwenyewe, aliyekuja kushonewa kiti na kulalamika.

Shule ya udereva ilimkaribisha kwa adabu na wasiwasi. Wenzake darasani walikuwa vijana wanaotafuna ubani, wakimwita bibi, na mwisho wa mafunzo alikwisha warekebishia viti vyote vya gari la shule bila kuombwa. Mtihani wa kwanza alianguka kwenye kurudi nyuma. Wa pili akapita, akaja karakana na leseni akaining'iniza ukutani juu ya cherehani mpaka nikamwambia hiyo inatakiwa itembee naye.

Kilibaki kiti cha abiria. Kile cha mikanda ya mpira kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, lakini alisema hakiwezi kumkaa mwenye mwili mwingine. Akamwita mumewe kwenye sanduku la mchanga. Baba mdogo akakaa, mzee mzima, mikono magotini, akajitahidi kutulia. Akainuliwa. Upande wa kulia ulikuwa umezama vile vile.

"Bado unakaa kama mtu anayetaka kuondoka," mama mdogo akasema.

"Nataka kuondoka," akajibu. "Safari hii na wewe."

Mama mdogo akachuchumaa akausoma mchanga muda mrefu kuliko ulivyohitaji kusomwa.

Nilikwenda nao safari hiyo. Nilikaa nyuma, kwenye ukingo wa kitanda, nikashika komeo la kabati. Mama mdogo aliendesha kama anavyoshona, uso umekaza, haongei, kila kitu kwa kipimo. Tatizo lilikuwa abiria. Sijaona abiria mbaya kama yule. Alikanyaga breki hewani. Alinyonya hewa kupitia meno. Alisema gia, akasema kioo, akasema hapo angalia hapo, akashika mlango kama anataka kuung'oa. Tulipokaribia Jiwe Jeupe alikuwa ameloa jasho. Mama mdogo akawasha taa ya pembeni, akaegesha vizuri, akavuta breki ya mkono. Akanyoosha mkono nyuma kwangu, nikampa alichokitaka. Akalichukua beseni la bluu akaliweka kwenye mapaja ya mumewe.

"Tumbo likikusumbua," akasema, na akaondoa gari.

Baba mdogo alilitazama beseni. Akacheka kidogo, na kwa kuwa kuitazama barabara kulikuwa kunamtesa, akageuza uso akatazama dirishani.

Tukaipita Jiwe Jeupe. Tukaipita Bomba, na kile kiwanja cha misonobari, na mama mdogo alikuwa hajambo, mashavu yake vile vile, macho mbele. Kwenye Shingo barabara inabana na upande mmoja mlima unakatika wima. Hapo nikasikia baba mdogo amevuta pumzi. Nikadhani ni breki tena.

"Kumbe kuna ziwa," akasema.

Hakumwambia mtu. Aliegemea kioo. Huko chini kabisa, kati ya milima miwili, kweli kulikuwa na ziwa dogo, na mtu wa kawaida angeliona mara ya kwanza kupita. Yeye alipita hapo ujana wake wote na utu uzima wake wote, na macho yake siku zote yalikuwa kwenye lami.

Mama mdogo akauliza ziwa gani, na nikaona shingo yake inataka kugeuka.

"Usigeuke," baba mdogo akamwambia. "Macho mbele. Mimi nitakusimulia."

Na akaanza kusimulia. Alisema maji ni ya kijani upande wa kivuli na ya bluu katikati. Alisema kuna nyumba moja ukingoni yenye bati jekundu, na mtu ameanika nguo, shuka nyeupe, hapana, ni mbili. Alisema kuna ng'ombe wanakunywa na mmoja amekataa kutoka majini. Kona ikafunga, ikafungua, akaendelea: sasa kuna mashamba yamepandishwa mlimani kama ngazi, na ukungu umeshika juu tu, chini kweupe, na njia ndogo nyekundu inayokwenda hadi nisikokuona, mke wangu, ila inakwenda. Hakutaja kona hata moja. Mama mdogo alibadilisha gia na kuitikia "enhe," na tena "enhe," ile enhe ya mtu anayeogopa mwenzake asije akanyamaza. Mimi nyuma nililia kimya kimya, na sioni sababu ya kuficha.

Juu kabisa kuna mahali pa kuegesha. Mama mdogo aliingia, akasimama sawasawa, akazima injini. Mzee alishuka haraka, akazunguka hadi mlango wake, akaufungua, akamnyooshea mkono ateremke aje aone mwenyewe, maana ziwa lote linaonekana kutoka hapo.

Mama mdogo alikuwa bado ameketi juu ya ule mto wa mshono uliopinda, mikono kwenye usukani.

"Nimeshaona," akasema.

Kisha akampa mkono, akashuka, wakaenda kutafuta mawe ya kusawazisha gari.